Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nasaba ya Faru na Wajibu wa Warithi

Miongoni mwa mambo yanayolitambulisha taifa ni jinsi watu wake wanavyouelewa urithi. Kwetu sisi, mtu akiulizwa yeye ni nani hatosheki kulitaja jina lake pekee; hulifuatisha la baba na la babu, kisha akautaja ukoo, na pengine mahali kilipozikwa kitovu chake. Shamba tulilopewa na wazee twaliita urithi wala hatuliiti pato, kwa sababu twajua kwamba tumelipokea na kwamba tutalikabidhi. Kwa hiyo isidhaniwe kuwa jambo nitakalolizungumza hapa ni la mabwana wanyama peke yao. Nakusudia kuitazama afya ya nasaba ya wanyama waliokaribia kutoweka, ambao sasa wanarudishwa porini, na kuuliza swali moja la maadili: mnyama aliyepotea anaporudishwa kwao, ni kitu gani hasa kinachopaswa kurudishwa? Je, ni idadi, au ni nasaba? Na ikiwa ni nasaba, wajibu huo unatudai nini sisi ambao wengi wetu hatutamwona mnyama huyo maishani mwetu?

Swali la namna hii lataka mfano, na mfano ulio karibu nasi ni faru mweusi. Wazee wetu walimjua mnyama huyu kama jirani mkali wa nyika, mtu akamkwepa njiani na kuendelea na safari yake. Katikati ya miaka ya 1960, mtafiti Goddard aliwatambua mmoja mmoja faru 108 ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Miaka 30 baadaye, humo humo kretani, hawakuzidi 15. Sababu yajulikana. Pembe ya faru, ambayo asili yake ni kitu kile kile kilichomo katika kucha zetu, ilitakiwa Yemen kwa mipini ya majambia, na ilitakiwa mashariki ya Asia kwa dawa za kienyeji. Palipokuwa na mnunuzi hapakukosekana mwenye bunduki.

Yafaa kukumbuka kwamba maangamizi hayo yalitukuta tukiwa tumekwisha kutoa ahadi. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha, akakubali kwa niaba ya taifa lililokuwa likizaliwa kwamba wanyama wa porini ni amana mikononi mwetu, na kwamba tutajitahidi kuwatunza kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Aliyesema ni kiongozi mmoja, lakini walioapa tulikuwa sote. Na amana, kama wasemavyo wanasheria na wanadini kwa pamoja, hairudishwi kwa kutoa kitu kinachofanana na kile ulichopewa. Hurudishwa yenyewe.

Basi tazama jinsi faru walivyorudi. Katika miaka ya 1961 na 1962, faru saba walikamatwa nchini Kenya na kusafirishwa hadi Hifadhi ya Addo, Afrika Kusini. Huko walizaana. Baadaye wataalamu wa nchi ile walihukumu kwamba wanyama hao ni wa tawi la mashariki, lisilo la asili ya mahali pale. Kwa hiyo wakahesabiwa wageni katika nchi waliyozaliwa, wakaondolewa hifadhini humo. Lakini uhamisho wa wazee wao ulikuwa umewaokoa, maana bunduki zilipolia Afrika Mashariki, wao walikuwa mbali. Mwaka 1997 wanne kati yao waliletwa Mkomazi, na majike wawili wakapelekwa Ngorongoro. Mwaka 2001 Mkomazi ilipokea wengine wanne. Mwaka 2009 walikuja watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika nchi ya Czech, na mwaka 2012 watatu kutoka Port Lympne, Uingereza. Mwezi Mei 2010 Rais Jakaya Kikwete aliwapokea Serengeti faru watano waliotoka Afrika Kusini. Wenzetu wa Rwanda nao, mwaka 2017, walipelekewa katika Hifadhi ya Akagera faru 18 wa tawi hilo hilo.

Kurudi huko kulishangiliwa, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini wahenga walituonya: usione vyaelea, vimeundwa. Jahazi haliogelei kwa kuwa lina mbao nyingi. Laogelea kwa kuwa mbao zake zimeunganishwa na kila moja imepewa mahali pake. Hali kadhalika, kundi la wanyama haliishi kwa sababu ya wingi wake tu. Kila mnyama amerithi kwa mama yake fungu moja la maelekezo ya mwili, na kwa baba yake fungu la pili. Maelekezo hayo ndiyo tuyaitayo jeni. Katika jeni zimo zenye siri ya kustahimili ugonjwa, na zimo zenye kasoro zilizofichika. Mnyama aliyepata kasoro kwa mzazi mmoja aghalabu haumii, kwa kuwa fungu la mzazi wa pili humsitiri. Lakini wazazi wakiwa ndugu wa karibu, huenda wote wawili wakawa wamebeba kasoro ile ile, na mtoto akaipokea pande zote mbili. Hapo hakuna tena cha kumsitiri. Huzaliwa dhaifu, au hafiki utu uzima, au akifika hazai.

Zaidi ya hayo, kundi dogo hupoteza urithi wake hata kama hakuna kasoro iliyojitokeza. Hesabu yake ni nyepesi. Kundi lenye wazazi 50 wanaozaa kwa usawa hupoteza takriban sehemu moja katika mia ya utajiri wa nasaba yake kila kizazi. Kundi lenye wazazi watano hupoteza sehemu moja katika kumi. Vikipita vizazi kumi, lile la kwanza litakuwa bado na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za hazina yake, na hili la pili litabaki na sehemu tatu na nusu tu. Ndiyo maana tangu mwaka 1980 wataalamu wamekuwa wakizitaja namba mbili, 50 na 500: ya kwanza kwa ajili ya kuliokoa kundi lisidhoofike katika siku za karibu, na ya pili ili libaki na uwezo wa kubadilika pamoja na dunia kwa muda mrefu.

Hapa ndipo idadi inapotudanganya. Chukua kundi la faru 21. Kama humo wamo madume kumi na majike 11, na wote wanazaa, nasaba italihesabu kundi hilo kuwa la 21 kweli. Lakini ikiwa dume ni mmoja na majike ni 20, basi kwa hesabu ya nasaba kundi hilo halifikii hata wanyama wanne, kwa kuwa nusu ya urithi wote wa watoto imetoka katika mwili mmoja. Mhesabuji aliye juu ya gari ataandika 21, naye hatakuwa amesema uongo. Ila kizazi kijacho kitapokea urithi wa wanne.

Hayo si maneno ya vitabuni tu. Humo humo Ngorongoro, mwaka 1962, nzi wang'atao walizuka kwa wingi usio wa kawaida, wakawashambulia simba hata wakabaki kumi hivi. Baadaye yaliingia madume machache kutoka nje, kisha mlango ukafungwa: kuta za kreta upande mmoja, na makundi ya wenyeji wakali upande wa pili. Simba wakaongezeka tena, na mgeni aliyefika kuwapiga picha aliwaona wanene wenye afya. Lakini watafiti walipowapima katika miaka ya 1980 walikuta kwamba tofauti za nasaba zimepungua mno, na kwamba mbegu za madume wengi hazikuwa na umbo zuri zikilinganishwa na za simba wa Serengeti, walioko kwa mwendo mfupi tu kutoka hapo. Idadi ilikuwa imerudi, ila urithi haukurudi nayo.

Na kwa faru hasara imekwisha kupimwa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha faru weusi wa leo na mabaki ya zamani yaliyohifadhiwa katika makumbusho. Waliona kwamba katika sehemu ile ya urithi ambayo hupitia kwa mama peke yake, asilimia 69 ya namna zilizokuwapo imetoweka. Faru wakifika kesho elfu mia moja, asilimia hiyo haitarudi, kwa kuwa waliokuwa nayo hawakuacha mtoto.

Sasa turejee kwenye utamaduni. Je, elimu hii ni ngeni kwetu? Lugha yake ni ngeni, bali busara yake si ngeni. Makabila mengi ya bara yalikataza mtu kuoa ndani ya ukoo wake, hata kama yule binti na yule kijana hawakuwahi kuonana na undugu wao ulihesabiwa kwa babu wa saba. Watu wa pwani walio na ruhusa ya kuoana mabinamu nao hawakuacha kufungua milango kwa wakwe watokao ng'ambo. Mfugaji hodari hamwachi fahali mmoja atawale zizi mpaka azae na mabinti na wajukuu wake. Humbadilisha kwa wa jirani, au humhasi na kumtafuta mwingine. Mkulima wa mahindi, kabla ya mbegu za dukani, hakuchukua mbegu ya mwaka ujao katika gunzi moja hata likawa zuri namna gani. Na wote hao kwa pamoja walikuwa na methali moja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu twaitumia tukipata mlo mzuri kwa sababu ya mgeni. Kwa nasaba, methali hii ni kweli neno kwa neno.

Porini, kabla ya ua na barabara, mgeni alikuja mwenyewe. Katika Serengeti, ujangili ulipopungua, upande wa Moru walikuwa wamesalia majike wawili. Katika miaka ya 1990, dume aliyeitwa Rajabu aliondoka Ngorongoro kwa miguu yake, akavuka nyika, akawafikia. Ukoo wa faru wa Moru ulianza upya kwa safari hiyo, na Rajabu aliishi hadi mwaka 2020, akafa akiwa na umri wa miaka 43. Hiki ni kisa cha kutia moyo, ila chafaa kusomwa mpaka mwisho. Mgeni aliyemponya mwenyeji, akikaa miaka mingi peke yake, huwa baba wa wote, na watoto wake hawana wa kuoana naye isipokuwa ndugu zao. Uponyaji wa jana huleta haja ya mgeni mwingine kesho.

Na haja hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye kadhia nzito zaidi, ambayo taifa zima liliisikia. Kretani Ngorongoro alikuwako dume aliyeitwa John. Alikuwa na nguvu, aliwafukuza madume wenzake, akazaa watoto wengi. Mwezi Desemba 2015 alihamishwa na kupelekwa magharibi ya Serengeti. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa hii tunayoizungumza: kwamba amewazuia wengine wasizae, na kwamba sasa anaanza kuzaa na mabinti zake. Mwezi Agosti 2016 alikufa huko ugenini. Desemba ya mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alidai maelezo hadharani, na kwa majuma mengi habari ya Faru John ilizungumzwa katika vijiwe, magazetini na majumbani. Pembe zilipimwa vinasaba, ikathibitika kuwa ni zake. Na taarifa iliyokabidhiwa mwaka 2017 ilieleza kwamba alikufa kwa kukosa uangalizi wa karibu.

Wengi waliyatazama mambo haya kama kesi ya mali ya umma, na sehemu hiyo ilistahili kutazamwa. Mimi nataka tuyatazame kwa jicho la maadili. Je, ilikuwa haki kumtoa mnyama mzee katika makazi aliyoyajua kwa ajili ya faru ambao hawajazaliwa? Yuko atakayesema si haki: John hakutenda kosa, alifanya lile ambalo maumbile yalimwamuru, na yule aliye hai ana dai kubwa kuliko yule ambaye bado ni tarajio. Yuko mwingine atakayejibu kwamba mmoja hana thamani mbele ya ukoo mzima, na kwamba akifa katika kazi hiyo hakuna hasara, kwa kuwa mbegu yake imekwisha kubaki.

Majibu yote mawili yana upungufu. La kwanza lasahau kwamba maumbile yaliyomwamuru John hayakuwa na ua. Zamani, dume mbabe alizaa katika bonde moja, na mbabe mwingine katika bonde la pili, na vijana waliofukuzwa walitembea wakapata makwao. Sisi ndio tuliowaua wengine mpaka akabaki yeye. Sisi ndio tulioziba njia. Baada ya kuivuruga nyumba ya mtu, huwezi kukaa barazani ukasema nyumba na ijitengeneze. Kwa hiyo nasema bila kusita: sababu ya kumhamisha dume kama huyo yaweza kuwa ya haki.

Jibu la pili laharibu haki hiyo kwa kuigeuza kuwa leseni. Faru hakuulizwa kama anakubali kujitoa kwa ajili ya ukoo. Mwanadamu akijitoa kwa ajili ya taifa lake twamheshimu kwa kuwa alichagua. Mnyama hachagui, sisi ndio tunaomchagulia. Na anayemchagulia mwingine mzigo amebeba deni kwake. Kadiri kusudi linavyokuwa kubwa, ndivyo uangalizi unavyotakiwa uwe mkubwa, wala si kinyume chake. Mwenye kumtuma mtoto mbali humpa chakula cha njiani na mtu wa kumpokea. Tukimhamisha mnyama kwa jina la vizazi vijavyo, kisha tukamwacha bila jicho la kumtazama, hatukuvitumikia vizazi hivyo. Tumelitumia jina lao tu.

Na deni hilo halikomei kwa wanyama. Mkomazi, ambako faru wa Addo walipokelewa, palikuwa na wafugaji waliokuwa wakichunga humo na ambao waliondolewa mwaka 1988. Kila tunapohesabu ndama wa faru aliyezaliwa nyuma ya ua ule, yatupasa kukumbuka kwamba nafasi anayonyonyea ilikuwa malisho ya mtu. Sisemi kwamba faru wasingeletwa. Nasema kwamba urithi wa taifa zima haufai kulipiwa na wachache, na kwamba jirani wa hifadhi anayepoteza ng'ombe na shamba ana haki ya kuwa miongoni mwa warithi, asiwe mlinzi tu wa mali ya watu wengine. Palipo na haki, jirani huwa mlinzi bora kuliko uzio. Palipo na manung'uniko, jangili hapati taabu ya kupata kiongozi wa njia. Mwishoni mwa mwaka 2010 mmoja wa wale faru watano wa Serengeti aliuawa na majangili, na pamoja naye vikaenda vizazi vyote ambavyo angevizaa. Katika kundi dogo, risasi moja huua ukoo.

Lakini tusiizidishe methali yetu kupita kipimo chake. Mgeni huponya, ila si kila mgeni na si kwa kiasi chochote. Wako majirani zetu wa ng'ambo ya bahari waliolijifunza hili kwa choroa wa Arabuni. Choroa wa mwisho aliyekuwa huru aliuawa Oman mwaka 1972. Na mwaka 1982, kwa wanyama waliozaliwa katika bustani za ugenini, wakaachiwa tena huko huko katika jangwa la Jiddat al-Harasis. Watafiti walipowachunguza ndama waliozaliwa baadaye, waliona jambo la ajabu: ndama ambao wazazi wao walikuwa ndugu wa karibu mno walidhoofika, na ndama ambao pande zao mbili zilitoka mbali mno nao waliathirika. Ndiyo sababu walinzi wa faru hulitunza tawi la mashariki lizae na la mashariki maadamu bado linaweza, wakiwachukua wageni wa Addo, Ulaya na kwingineko, ambao asili yao ni nyika hizi hizi. Mahali ambapo tawi lenyewe litakuwa limekonda mno hata haliwezi kujiponya, swali la kuchanganya matawi litakuja, nalo litajibiwa kwa hali ya siku hiyo, si kwa fahari ya usafi. Usafi wa tawi ni chombo cha kulinda uhai. Haufai kuwa sanamu ya kuabudiwa.

Wala wajibu huu haukuandikwa kwa wanyama wakubwa peke yao, wenye kuvuta watalii. Katika korongo la Kihansi, milimani Udzungwa, aliishi chura mdogo asiyezidi ncha ya kidole, azaaye watoto walio hai badala ya kutaga mayai, katika rasharasha za maporomoko ya maji. Maji yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme, ambao taifa liliuhitaji, rasharasha zilikatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, katika bustani ya Bronx mjini New York. Huko mwanzoni walikufa kwa wingi mpaka wakabaki makumi tu, kabla watunzaji hawajajua namna ya kuwalea. Korongoni nako hawakuonekana tena, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka porini. Kisha wakaongezeka huko ugenini, wakarudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi, katika rasharasha zinazotengenezwa kwa mabomba. Kila chura anayerukaruka leo katika korongo lile ni mjukuu wa wachache walionusurika katika masanduku ya kioo.

Kisa hicho chaleta onyo lake. Mnyama anayelelewa sandukuni kwa vizazi vingi huanza kufaa sandukuni. Aliye mpole, aliyezoea chakula cha kuletewa, asiyestuka aonapo mtu, ndiye azaaye sana. Na ukali ambao ungemwokoa porini hauna faida, hivyo hupungua. Waweza basi kuituza idadi na kuupoteza unyika. Kwa sababu hiyo bustani za wanyama zifaazo huandika kila mzazi na kila mtoto katika daftari la nasaba, zikabadilishana wanyama baina ya nchi na nchi, na zikafupisha muda wa ugenini kadiri iwezekanavyo. Daftari hilo huenda likamchosha msomaji kuliko picha ya simba, ila pasipo daftari hakuna urithi. Sisi tuliofanya kazi katika ofisi za serikali twajua jinsi jalada lililopotea linavyoweza kumdhulumu yatima. Kwa faru, jalada ni kumbukumbu ya nani ni mama wa nani. Likipotea, walioko hai hawatajua ni yupi wa kumwoza nani.

Nafika sasa penye hatari. Maneno kama damu, ukoo, nasaba na tawi yana historia mbaya yanapoletwa kwa wanadamu. Walikuwako watu, katika karne iliyopita, waliotaka kuwachagua wanadamu kama wafugaji wanavyochagua mifugo, na waliouita uonevu wao elimu. Nchi jirani zetu zimeonja ukabila uliojifanya elimu ya asili, na mwaka 1994 nchini Rwanda watu waliuawa kwa hesabu ya ukoo. Kwa hiyo yatupasa kuweka mpaka ulio wazi. Binadamu si mifugo ya mtu. Hana bwana wa kumchagulia mwenzi kwa ajili ya afya ya kundi, na heshima yake haipimwi kwa jeni. Tena, kama yuko atakaye kujifunza kitu kwa faru, basi elimu ya faru yampinga yule mwenye kujivunia damu isiyochanganyika. Kundi lililojifungia ndilo linaloangamia. Lugha yetu yenyewe ni shahidi: Kiswahili kimepokea maneno ya Kiarabu, ya Kiajemi, ya Kihindi, ya Kireno na ya Kiingereza, na bado sarufi yake ni ya Kibantu na mwenyewe hajapotea. Hakuna anayekiona kuwa maskini kwa kupokea kwake.

Nimeuliza mwanzoni kinachopaswa kurudishwa ni nini. Jibu langu ni kwamba hurudishwa nasaba, yaani uwezo wa viumbe hao kuendelea kuwa wao wenyewe bila sisi. Na idadi ni dalili tu ya uwezo huo, mara nyingine dalili ya uongo. Jibu hili lina madai yake. Latudai tusitosheke na sherehe ya uwanja wa ndege. Latudai tupime kabla ya kujisifu, tuandike tunayoyapima, na tubadilishane madume na majike na Kenya, Rwanda, Afrika Kusini na wengineo pasipo wivu wa nani mwenye mali, kwa sababu faru hakujua mpaka wa nchi kabla sisi hatujauchora. Latudai pia tumtunze yule mmoja tunayemhamisha kwa uangalifu ule ule tunaoutumia kwa ukoo, na tumkumbuke jirani aliyepisha malisho yake.

Faru hubeba mimba miezi 15 hivi, na kizazi chake ni miaka mingi. Kazi inayofanywa leo Mkomazi na Ngorongoro haitaonekana matunda yake kamili ila na watu ambao wazazi wao bado hawajakutana. Hao hawatatuuliza tulihesabu faru wangapi mwaka gani. Wataangalia kama ndama aliyezaliwa siku hiyo amesimama, amenyonya, na ana mwenzi asiye ndugu yake wa kuzaa naye. Hicho ndicho kipimo cha amana tuliyoikubali mwaka 1961, na bado iko mikononi mwetu.